Mama Alipogeuza Ufunguo

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita, alasiri, jua bado kali na nguo zimeshakauka kwenye kamba. Mpole alipoingia uani kwa mama yake hata kiti hakutafuta. Aligusa shuka lililoanikwa, akaona limekauka, akaanza kulianua. Mtu anayeshinda na mashuka ya hoteli wiki nzima, mikono yake haijui kutembelea watu.

"Liache hilo, mwanangu," mama yake alisema akiwa mlangoni. "Ingia ndani."

"Shikamoo, Mama. Litapauka."

"Marahaba. Liache lipauke, ni langu."

Mama alicheka, kicheko kifupi cha mtu anayesikilizia kitu kingine. Laiti Mpole angekipa sikio kicheko kile. Lakini nani anakwenda kwa mama yake mzazi akiwa ametega masikio?

Jana yake Mama alimpigia simu, sauti laini kama pamba. "Njoo tuongee, mimi na wewe tu. Mama na mtoto. Sitaki mtu aingie kati." Na Mpole, ambaye tangu amtoroke mumewe alikuwa akilala kwenye godoro sakafuni kwa mfanyakazi mwenzake, aliyachukua maneno yale akalala nayo kama mtoto anavyolala na khanga ya mama yake. Mimi na wewe tu. Aliyarudia kichwani mpaka usingizi ukamchukua.

"Nguo zako za zamani nimezipanga," Mama alisema walipofika sebuleni. "Ziko chumbani kwako, kachague. Huko ulikojibanza nasikia huna hata gauni la kubadilisha."

Mpole alitangulia. Alisukuma mlango wa chumba alicholala tangu utotoni, akaingia, akasimama.

Mumewe alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Shati limepigwa pasi, nywele zimenyolewa, mikono ameibana katikati ya magoti kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari.

Kabla Mpole hajageuka, mlango nyuma yake ulifungwa. Ufunguo ukazunguka mara mbili. Aliujua mlio ule, na aliujua mkono ulioufanya. Mama yake alikuwa na tabia ya kuuvuta mlango kidogo kwanza ndipo auzungushe ufunguo, kwa sababu mbao ilikuwa imevimba. Hakuna mtu mwingine katika nyumba ile aliyefunga hivyo.

"Haya," ilisema sauti nzito ya Mjomba kutoka ukumbini. "Ufunguo nipe mimi. Dawa imeshaingia."

Ni vizuri dawa hiyo ikaelezwa. Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa Mama na msemaji wa mwisho katika ukoo. Hakuna aliyemchagua. Baba yao alipofariki, yeye alikikalia kiti kilichokuwa wazi, na hadi leo hajainuka. Kwa ndoa zote zenye matatizo alikuwa na tiba moja: wafungie ndani mpaka wacheke. Alimfungia binti yake na mumewe waliogombania rangi ya kupaka sebule, wakatoka wameshikana mikono. Akamfungia mdogo wake na mkewe waliokuwa hawasalimiani, akawakuta wamelala fofofo, kichwa cha huyu begani kwa yule. Kuanzia hapo akajiona bingwa. Kila harusi ya familia kisa kile kilisimuliwa, watu wakashika mbavu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kama kati ya wale waliofungiwa kulikuwa na mtu anayemwogopa mwenzake. Wakubwa ndivyo walivyo. Dawa ikishawafaa kwenye mafua, watakunywesha hiyo hiyo hata umevunjika mguu, na usipopona watasema hukumeza vizuri.

"Umekonda," mumewe alisema.

Mpole aliegemeza mgongo mlangoni, akagonga kwa kiganja. "Mama. Fungua."

"Ongeeni, mwanangu," Mama alijibu kutoka nje. "Ongeeni tu."

Mumewe alikuwa fundi vioo, na watu wote walimwita Fundi, hata mkewe. Walikutana pale dobi, kwenye dobi kubwa inayofua mashuka ya hoteli, siku alipoletwa kufunga kioo kirefu katika chumba cha wafanyakazi cha kubadilishia nguo. Mpole alikuwa anapita na kapu la foronya. Alichokiona kwanza hakikuwa yeye. Aliyaona macho ya Fundi ndani ya kioo, yamemganda, na mtu mwenyewe ameupa mlango mgongo. Fundi akauliza bila kugeuka, "Dada, nisaidie. Kimekaa sawa au kimepinda?" Yeye akatikisa kichwa tu, akatoroka na kapu lake, moyo unamdunda kama mashine ya kukamulia nguo.

Kesho yake Fundi alirudi kukiangalia kioo. Na kesho kutwa.

"Fundi, hiki kioo kina homa?" aliuliza Kijiko, mfanyakazi mwenzake Mpole, mwanamke mwembamba aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna chungu asichoingia. "Mbona kila siku unakuja kukipima?"

"Kinataka uangalizi, dada."

"Kinachotaka uangalizi kiko kule kwenye pasi, kimevaa kitambaa cha bluu. Nenda ukaseme, utuachie nafasi tufanye kazi."

Ndivyo mapenzi yalivyoanza, kwa kicheko. Fundi alimpenda kwa utulivu wake. "Nimechoka na wanawake wa makelele," alimwambia. "Wewe mpole. Nikikaa karibu yako moyo unashuka chini." Jina likamganda hapo. Naye Mpole alimpenda kwa sababu alimsubiri. Kila jioni, mvua au jua, Fundi alikuwa getini, mikono ina harufu ya lakiri ya kubandikia vioo, uso unachanua akimwona. Mpole hakuwahi kusubiriwa na mtu maishani mwake. Ungemwambia wakati huo kwamba kusubiriwa na kulindwa kama mfungwa vinaweza kutoka kwa mtu yule yule, angekuona una wivu.

Mapigo yalianza baada ya harusi, na yalikuwa na mlango wao wa kuingilia. Mpole akiudhika, alinyamaza. Hakuwa na njia nyingine; utotoni, baba yake alipoanza kugonga meza, Mama alimvuta pembeni na kumnong'oneza, "Nyamaza, itapita." Alijua kunyamaza kabla hajajua kusoma. Na Fundi, kitu pekee asichokiweza duniani ni kunyamaziwa. Alikuwa mtoto wa kaptura ya shule mama yake alipomkalisha kwenye benchi la kituo cha basi akamwambia, "Nisubiri, narudi sasa hivi." Akasubiri mpaka maduka yakafungwa. Mama yake hajarudi hadi leo. Kwa hiyo mmoja alipojifunga, mwingine alisikia mlango wa ulimwengu mzima unafungwa, akaanza kuugonga. Kwanza kwa maneno. Kisha kwa kofi. Halafu akalia, kichwa kwenye mapaja ya mkewe, "Usiniache, nitakufa," na aliyepigwa ndiye akambembeleza aliyepiga.

Mwisho ukaja mkono. Alimpindisha mkono mpaka mfupa ukalia. Mpole alikwenda kushtaki polisi, afisa wa zamu akamwambia bila kuinua macho kwamba hayo ni mambo ya chumbani, warudi wakayamalize chumbani. Akaenda kazini na plasta, msimamizi wake akamhamishia nyuma kwenye matangi ya maji moto, eti wageni wa hoteli wasije wakamwona wakaharibikiwa na siku. Hakuna aliyeuliza nani amefanya. Kila aliyepewa cheo cha kuuliza alikuwa na haraka.

Kijiko peke yake ndiye aliyesema, "Beba mkoba wako, twende kwangu." Na huko ndiko Mpole alikojificha. Mtu mmoja tu ndiye aliyeambiwa ni wapi.

"Mama yako ana wasiwasi," Fundi alisema sasa, akiinuka kitandani. "Na mimi nina wasiwasi. Kwa nini ulizima simu?"

"Nilibadilisha namba."

"Najua. Nimekupigia kwenye hiyo mpya, hukupokea."

Mpole alimtazama. Namba ile alikuwa ameinunua Jumatatu.

"Namba umeipata wapi?"

Fundi alinyoosha mkono kama anayetaka kumgusa shavu, akaurudisha. "Usianze kunihoji. Nimekuja kwa amani."

"Namba umeipata wapi, Fundi?"

"Kwa Mama."

"Mama gani?"

"Wako. Mimi nina mama mwingine?"

"Na siku ile ulinikuta getini, wakati nilikuwa nimebadilishiwa zamu? Nilidhani umeshinda pale tangu asubuhi."

"Mama aliniambia unatoka mapema."

"Na nilipojificha kwa binamu yangu ile mara ya kwanza, kabla sijavunjika mkono. Ulikuja ukagonga dirisha."

"Mpenzi, mbona unashangaa?" Fundi alikuwa anamtazama kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi. "Mama yako ndiye anayeniambia kila kitu. Tangu mwanzo. Ulifikiri nani?"

Alifikiri ni Fundi mwenyewe. Hilo ndilo alilolifikiri miezi yote ile: kwamba mumewe ana pua ya mbwa, kwamba amemlipa mtu amfuate, kwamba pengine mapenzi yake makubwa ndiyo yanayomwonyesha njia. Alibadilisha basi, akabadilisha mtandio, akapita barabara za nyuma akigeuka kila kona. Na kila alipofika salama alimpigia mama yake kumtoa wasiwasi. "Nimefika, Mama. Niko mahali fulani. Usimwambie mtu." Alikuwa akijiuza mwenyewe kwa mdomo wake, na aliyemuuza alimshukuru na kumwambia, lala salama, mwanangu.

Kofi analijua. Kofi lina mwanzo na mwisho, shavu linawaka kisha linapoa. Hili halikuwa na pa kupoea.

Aligeuka akauelekea mlango, akasogeza mdomo karibu na mbao.

"Mama, uko hapo?"

"Nipo, mwanangu."

"Ni kweli anayosema?"

Kule nje kiti kililia. Mjomba akasema kitu cha chini chini, Mama akamwambia, "Ngoja, Kaka." Kisha sauti yake ikaja karibu sana, kama naye ameegemeza paji la uso pale pale, upande wa pili.

"Nilikuwa nakusaidia."

"Unanisaidia nini?"

"Usiachwe."

"Mama, mimi ndiye niliyeondoka."

"Wote wanaanza hivyo. Unaondoka kwa maringo, mwanaume anachoka, anapata mwingine. Unabaki na chumba." Mama alivuta pumzi. "Baba yako alipokwenda nilikaa dirishani mwaka mzima. Hakurudi hata kuulizia viatu vyake. Viatu vizuri, vya ngozi. Nilivipaka rangi kila Jumapili. Huyu wako anakutafuta kila kona ya mji. Amekuja hapa akalia mbele yangu, mtu mzima na ndevu zake. Ungejua ningetoa nini mimi, baba yako anitafute siku moja tu namna hiyo."

"Alinivunja mkono, Mama."

"Najua."

"Unajua? Nilikwambia nimeteleza bafuni."

"Mimi nimeolewa, mwanangu. Najua mkono ulioteleza na mkono uliopindwa."

Mpole alifumba macho. Siku ile Mama ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko, akimpangusa kidevu, akisema bafu za siku hizi zina utelezi mbaya. Alikuwa amemwonea huruma mama yake kwa kumdanganya.

"Acheni kuongea na mlango," Mjomba alidakia. "Mume yuko huko ndani. Dada, njoo ukae, unaharibu dawa."

"Umesikia," Fundi alisema. "Nitazame mimi sasa."

Mpole hakugeuka. Alianza kuhisi ule ukungu wake wa zamani, unaoanzia mabegani na kupanda mpaka masikioni, na ulimi unakuwa mzito kama nguo iliyolowa. Nyamaza, itapita. Hata sasa, mwalimu wa neno hilo akiwa nje ya mlango amemfungia, mwili ulitii.

"Usininyamazie," Fundi alisema.

Mpole alibaki ameukabili mlango.

"Nimesema usininyamazie. Tukane, sema lolote. Unajua hicho unachonifanyia? Unanifungia nje. Uko hapa lakini haupo." Sauti ilikuwa inapanda ngazi moja moja, na Mpole aliijua kila ngazi. "Mimi si ukuta. Mimi ni mumeo. Nijibu."

Ngumi ilitua kwenye mbao za kabati, karibu na sikio lake. Kabati likayumba, na hanga zikagongana ndani.

"Ehee," Mjomba alisema huko nje, na kijiko kikasikika kinakoroga chai. "Sasa hayo ndiyo mazungumzo. Hasira ikitoka inakwisha."

Kilichomwamsha ni kile kijiko. Siyo ngumi. Mpole alisikia sukari inakorogwa taratibu, mtu anahakikisha imeyeyuka vizuri, na ndani yake kitu kikakatika kwa sauti ndogo kama uzi. Hakuna anayekuja. Walioshika ufunguo wanakunywa chai. Akigeukia ule ukungu wake leo, watamtoa humu amebebwa, na watasema alikuwa mkaidi.

Akageuka. Maneno yalitoka.

"Umevunja vioo vingapi tangu uanze kazi?"

Fundi alipepesa macho. "Nini?"

"Vioo. Kazini kwako."

"Sijavunja." Hata katika hasira zile, kulikuwa na fahari kidogo. "Unajua sijavunja. Wenzangu ndio wanaovunja."

"Hata vile vikubwa vya madirisha ya duka."

"Hata vile. Ukishajua uzito wake unajua pa kushika. Unaniuliza nini, wewe?"

"Na bosi wako alipokuita mbwa mbele ya wateja. Ulirudi nyumbani unatetemeka. Ulimfanya nini?"

"Nilimwambia samahani."

"Hukumpiga."

"Ningefukuzwa kazi."

"Basi unajua kujizuia," Mpole alisema. "Miaka yote nilikuwa nasema hajui, maskini, inamtoka tu, ni yale ya utotoni. Nikawa najipima maneno, najipima hata namna ya kuweka kikombe mezani. Kumbe mikono yako unaijua uzito wake na unajua pa kushika. Ni mimi tu ambaye kwangu huoni hasara."

Uso wa Fundi ulikuwa umebadilika, umekuwa wa yule mtoto. Mpole aliujua uso ule pia. Ndio uliokuwa ukimmaliza kila mara.

"Mama yangu aliniacha kwenye benchi," alisema kwa sauti ya chini. "Uliapa wewe hutaniacha. Ukinyamaza naona benchi lile. Siwezi, Mpole. Nakuwa siwezi."

"Najua. Nimemlilia yule mtoto kuliko alivyojililia mwenyewe. Lakini yule mtoto hajanivunja mkono. Aliyenivunja ana ndevu."

Fundi akamshika. Haikuwa kwa nguvu nyingi, ila aliushika mkono ule ule, pale pale juu ya kifundo, vidole vikazunguka kama vimepata nyumba yao. Walisimama hivyo, karibu kiasi cha Mpole kuisikia harufu ya lakiri kwenye shingo yake, harufu iliyokuwa ikimfanya aache pasi jioni ili awahi getini. Alitaka kuegemea. Hilo ndilo ambalo hakuna mtu angeweza kulielewa, si Kijiko, si afisa wa zamu: kwamba hata sasa mwili wake ulitaka kupumzika kwenye kifua cha mtu anayemwogopa.

Pale dobi, shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Mnashika pembe, mnavuta, mnasogeleana mpaka vidole vinagusana, mmoja anapokea, mwingine anarudi nyuma. Mnasogeleana tena. Mpole na Kijiko walilifanya hilo kutwa bila kutazamana. Alipoolewa alidhani ndoa ni hivyo: karibu, kisha nafasi kidogo ya kupumua, kisha karibu tena. Lakini huyu kila uliporudi nyuma alivuta mpaka kitu kikachanika. Naye Mpole, ili kusichanike, alijifunza kuacha pembe zake chini na kuondoka moyoni kimya kimya akiwa bado amesimama pale.

"Shika," alisema. "Ndio wenyewe. Bado unauma kukiwa na baridi. Ukitaka kuuvunja tena, vunja sasa, ila safari hii sitasema nimeteleza. Nitataja jina lako, na la aliyefunga mlango, na la anayekunywa chai."

Kijiko cha chai kiliacha kukoroga.

Vidole vya Fundi vililegea, kimoja baada ya kingine. Alirudi nyuma mpaka kitanda kikamgonga magotini, akakaa, akaficha uso mikononi na kuanza kulia. Alilia kama siku zote, kwa mabega, kwa kwikwi, bila aibu.

"Nitabadilika," alisema. "Wallahi nitabadilika. Nifundishe tu."

Magoti ya Mpole yalishaanza kukunjika yenyewe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa ikiishia: yeye chini sakafuni, kile kichwa kizito mapajani mwake, mkono wake mzima ukipapasa nywele zake. Alishika kitasa cha kabati ili asimame wima.

"Badilika," alimwambia. "Nitafurahi nikisikia. Lakini tafuta mwalimu mwingine. Mimi nimeshavunjika vya kutosha, usijifunzie tena juu yangu."

"Unaniacha."

"Ndiyo."

Alilisema taratibu, akitazama mikono ya Fundi, akisubiri. Mikono ilibaki usoni. Kilio tu ndicho kilichoongezeka.

"Sikiliza," Mjomba alinong'ona nje, kwa furaha. "Analia. Mwanaume akishalia jambo limekwisha. Dada, si nilikwambia? Shika ufunguo, fungua."

Mlango ulivutwa kidogo, kisha ufunguo ukazunguka. Mjomba alikuwa amesimama na kikombe mkononi, tabasamu limemjaa uso mzima, tayari ameshaanza kukisimulia kisa hiki kwenye harusi ijayo.

"Haya, mkwe wangu, futa machozi, mbebe mkeo mwende. Na wewe binti, safari nyingine usitusumbue wazee kwa mambo madogo. Njoo umshukuru mjomba wako."

"Shikamoo, Mjomba," Mpole alisema, akapita.

Mjomba aliitikia marahaba kwa mazoea, kikombe kikiwa njiani kwenda mdomoni, kisha tabasamu likaanza kupotea alipoona anayepita amepita peke yake. "Huyu anakwenda wapi? Mkwe, mbona umekaa?"

Mama alikuwa amesimama ukumbini, mkononi mfuko wa plastiki. Zile nguo za zamani zilikuwepo kweli. Alikuwa amezipiga pasi. Hilo lilimuuma Mpole kuliko yote, kwamba hata ndani ya ule mtego mama yake aliweka kitu cha kweli. Akaupokea mfuko, kwa sababu hakuwa na gauni la kubadilisha.

Alitoka uani. Shuka alilolianza kulianua lilikuwa linaning'inia pembe moja. Aliliacha. Nyuma yake alisikia miguu mitupu ya Mama ikimfuata juu ya sakafu ya moto.

"Simama, mwanangu. Simama nikuone."

Alisimama getini, akageuka. Mama yake alikuwa amezeeka tangu alasiri ilipoanza. Mtandio umemdondoka, macho mekundu, mikono ameinyoosha kama anayetaka kumshika usoni lakini haoni aanzie wapi.

"Nisamehe," Mama alisema. "Nimekosea. Nilidhani nakuokoa. Hurudi kwa Kijiko, najua hurudi, huko mumeo anapajua. Na usiku huu utalala wapi na mimi nitalala vipi?"

Mpole alitaka kumkumbatia. Alitaka kumwambia kwamba kuna mwanamke wa zamu ya asubuhi mwenye chumba cha nyuma, upande wa pili wa mji, ambako hakuna anayemjua. Kwamba atakuwa salama. Kwamba asiwe na wasiwasi, alale. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni. Ndivyo alivyolelewa, kumtoa mama yake wasiwasi.

Kisha akaona, juu ya bega la Mama, kwamba Fundi ametoka mpaka mlangoni. Macho bado yalikuwa na maji, lakini kwikwi zimekatika ghafla. Amesimama ameinamisha kichwa upande mmoja, ametulia kabisa, anasikiliza.

Mama hakugeuka kumwona. Alizidi kusogea, akaushika ule mkono mbovu kwa mikono yake miwili, kwa upole wote alionao.

"Niambie mimi tu, mama yako. Sitamwambia mtu. Unaenda wapi, mwanangu?"